Samli Mlangoni mwa Kanisa Kuu

Mathayo alisema kwa mara ya mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya mti wa lango la zizi, kwamba Mungu yuko Makiungu pia.

"Misheni ipo, padri yupo, altare ipo," alisema. "Nenda kwa miguu, shukuru, rudi ukamue ng'ombe. Ya nini kumfuata Mungu Dar es Salaam kwa gari la moshi?"

"Sijasema Mungu anakaa Dar es Salaam," akajibu mkewe, Luciana. "Nyumba niliyoikabidhi mtoto ndiyo iko Dar es Salaam. Wewe ukimwachia jirani ndama wako, ukija kumchukua unakwenda kumshukuru jirani mwingine?"

Mathayo akalifunga lango la zizi. Alimjua mke wake. Mwanamke huyu akishaweka kitu kichwani hata ungemletea mkuu wa wilaya mwenyewe hakitoki. Na mtamba alikwisha kuuzwa kwa ajili ya nauli, kwa hiyo maneno yote hayo yalikuwa ya kujifurahisha tu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Vita vilipokuwa vikali, askari mmoja aliyerudishwa kwa sababu ya mguu alipita kijijini kwao, Ikungi, na kuleta salamu za Melkiori, mtoto wao wa pekee wa kiume. Alisema vijana wamepakiwa melini kwenda Burma, na kwamba kitu cha mwisho walichokiona cha nchi hii kilikuwa mnara wa kanisa kuu la pale bandarini, lile walilolijenga Wajerumani. Wengine walilia kwa habari hizo. Luciana hakulia. Aliuliza kanisa hilo limejengwa kwa kitu gani, akaambiwa kwa mawe. Akauliza lina mlango, akaambiwa lina mlango mkubwa wa mbao.

"Basi nyumba hiyo ndiyo ya mwisho iliyomwona mwanangu," akasema. "Nimeikabidhi. Akirudi, nitakwenda kuipaka samli."

Kwa mama yake Luciana ndivyo walivyofanya tangu zamani. Mtu akikulindia mtoto, huendi kwake kupiga maneno matupu. Unakwenda na samli, unachota kidogo kwa vidole viwili, unaipaka kwenye mlango wa nyumba yake, kulia na kushoto, ndipo unasema asante. Asante isiyo na samli watu wa kwao waliiona ni porojo.

Na Melkiori akarudi. Alirudi mzima, na koti la jeshi, na viatu, na Kiswahili cha kambini. Siku ile Luciana alianguka magoti katikati ya njia, mbele ya watu, akamshika mtoto miguu kama anayehesabu vidole. Furaha ilimzidi hata akaona aibu. Kwa sababu njia ile ile aliyokuja Melkiori ndiyo iliyokuwa ikitazamwa na mama mwingine, Dorika, jirani yao wa ng'ambo ya shamba la uwele. Mwanawe Mughwai aliondoka na Melkiori siku moja, akapanda naye meli moja. Mughwai hakurudi.

Tangu hapo Melkiori hakukanyaga kwa Dorika. Akienda kisimani alizungukia nyuma ya kilima, ilimradi asikutane naye akalazimika kumpa shikamoo. Watu waliona.

Asubuhi ya kuondoka, Dorika alikuja mwenyewe. Alisimama langoni, akabisha hodi, na Melkiori aliposikia sauti yake akatoka na kujificha upande wa ndama, mtu mzima mwenye medali.

"Mama Melkiori, nasikia mnakwenda," alisema Dorika.

"Tunakwenda, mama."

"Kuipaka ile nyumba."

"Ndiyo." Luciana alitazama chini. Alitamani ardhi ipasuke. Anakwenda kushukuru kwa mtoto aliyerudi, na mwenzake kasimama pale mikono ikiwa chini ya kaniki.

Dorika akatoa mikono. Alikuwa ameshika kibuyu cha samli kilichozibwa vizuri kwa gunzi na kitambaa.

"Wangu naye nyumba ile ilimwona," alisema. "Nimekaa na Mughwai mpaka akaota ndevu. Hakuwahi kunitukana. Kuni alikuwa anakata bila kuambiwa. Sijawahi kumshukuru yeyote kwa ajili yake. Nipelekee."

Akageuka akaenda zake. Luciana alibaki na kibuyu mkononi.

"Ametuchukia," Mathayo alinong'ona. "Huyu anatupima."

"Ananiambia nimerudi peke yangu," alisema Melkiori, aliyekuwa ametokea nyuma ya ndama. "Mama, usikibebe."

"Kimekabidhiwa kwangu," alisema Luciana. "Nitakibeba." Lakini alikifunga chini kabisa ya mzigo, na moyoni hakujua atakifanya nini.

*

Walipanda lori la mfanyabiashara mmoja hadi Manyoni, juu ya magunia, upepo wa Julai ukiwakata masikio. Manyoni wakapanda gari la moshi daraja la tatu. Humo Luciana aliweka kibuyu chake miguuni, amekifunika blanketi kama mgonjwa.

Haukupita muda, karani mmoja mwenye tai akaanza kunusa huku na huku.

"Nani kaleta mbuzi humu?" aliuliza.

"Ni samli, bwana," alisema Luciana.

"Samli? Hii inanuka zizi zima! Watu wa bara mna mambo. Mnadhani Dar es Salaam hakuna mafuta?"

Abiria wakacheka. Melkiori aliyekaa benchi la mbele alitazama dirishani kana kwamba hawajui watu hawa. Luciana alimwona. Akakisogeza kibuyu karibu na miguu yake. Mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa akimwonea haya mbele ya mtu asiyemjua hata jina, na hilo lilimwuma kuliko kicheko.

Walivyozidi kushuka kuelekea pwani, hewa ikawa nzito na ya moto. Mathayo alivua koti, kisha fulana ya ndani. Hakuna aliyefikiria samli. Kwao mwezi wa Julai samli huganda hata ukaichimba kwa kijiko, na mtu aliyezaliwa Ikungi haoni sababu ya samli kuwa kitu kingine mahali pengine.

*

Kanisa lilikuwa kubwa kuliko walivyoambiwa. Mnara wake ulipanda juu ya mapaa ya mji, meli zikiwa zimelala upande wa pili wa barabara, na jua la saa nne likipiga kwenye ngazi za mawe. Mathayo, aliyekuwa amelaumu njia nzima, alivua kofia akasimama mdomo wazi.

"Eh! Wajerumani walikuwa wabaya," alisema, "lakini kujenga walijenga."

Melkiori alitazama mnara, kisha akatazama maji, kisha akatazama viatu vyake. "Tufanye upesi," alisema. "Treni ya kurudi ni leo jioni. Na mama, nakuomba. Ingia ndani, piga magoti, sali kama watu wengine. Hapa ni mjini. Hayo ya samli watatucheka."

"Sikuja kuiga watu wengine," alisema Luciana.

Mlango ulikuwa wa mbao mbili, mrefu, umefungwa. Mbao zake zilikuwa zimepauka na kukauka kwa upepo wa chumvi, hata mistari yake ilionekana kama mikono ya mkulima. Luciana alisimama kwenye ngazi akakohoa kidogo, ndivyo mtu anavyojulisha kwamba amefika.

"Hodi!" aliita. "Hodi wenyewe!"

Mwanamke aliyepita na kapu la samaki alicheka. "Mama, hapo hapana hodi! Sukuma uingie!"

Lakini Luciana alikuwa hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa, na hakuona kwa nini aanzie kwa Mungu. Akaamua kutanguliza samli, mwenye nyumba atakuja. Akachukua kibuyu chake, akazibua, akakiinamisha ili achote kwa vidole viwili.

Samli ikamwagika kama maji.

Ilikuwa imeyeyuka tangu Morogoro huko, na Luciana alikuwa ameinamisha kibuyu kwa nguvu, kwa mazoea ya samli iliyoganda. Ilimrukia mkononi, ikapiga ubao wa kulia wa mlango, ikachuruzika hadi kizingitini. Doa lilikuwa kubwa kuliko mtu.

"Yesu na Maria!" ikatoka sauti ubavuni mwa kanisa. Mzee mmoja mwembamba, mtunza kanisa, alikuwa anakuja mbio na ufagio. "Mwanamke wewe! Umefanya nini? Mnamwaga uchawi mlangoni mwa Bwana?"

"Shikamoo, mzee," alisema Mathayo, kwa sababu hata katika balaa shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba. Nitawafunga! Mimi Simeoni nimetunza mlango huu tangu enzi za Mjerumani, sijaona kitu kama hiki! Padri atapita hapa sasa hivi, nimwambie nini?"

Watu wakaanza kukusanyika. Makuli wa bandarini, wanawake wa sokoni. Luciana alikuwa amepiga magoti, anajaribu kukusanya samli kwa viganja na kuirudisha kwenye kibuyu, na machozi yakimtoka wazi. Safari nzima, mtamba mzima, miaka yote ya kungoja, na sasa asante yake imekuwa uchafu wa kufagiliwa.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Nilikuja kushukuru. Nyumba hii ilinitunzia mtoto vitani. Kwetu tunashukuru hivi."

Simeoni alimtazama, akatazama samli, akatazama watu. "Leta maji," alisema kwa ukali, lakini sauti ilikuwa imeshuka kidogo. "Osha. Osha upesi."

Wakaosha. Mathayo alichota maji, Luciana akasugua kwa tambara na sabuni. Na kadiri walivyosugua ndivyo mambo yalivyoharibika, maana ubao ule ulikuwa na kiu ya miaka. Samli ilikwisha kuzama ndani. Maji yaliteleza juu yake yakaenda zao, na pale palipokuwa na doa pakang'aa, pekundu, pazuri kabisa. Shida ni kwamba palipobaki sasa palionekana pana majivu.

Simeoni alishika kichwa. "Ndiyo mmeniua. Sasa hata kipofu ataona."

Luciana akasimama, akarudi nyuma hatua, akautazama mlango kwa jicho la mama.

"Mzee," alisema, "mtoto ukimpaka mafuta mguu mmoja, mwingine unaonekana una ukurutu. Hapo huwezi tena kumwosha. Dawa yake ni kumpaka mwili mzima."

Kuli mmoja akaangua kicheko. "Mama kasema kweli!"

Simeoni alifungua mdomo afoke. Akatazama upande ilikokuwa nyumba ya mapadri. Akafunga mdomo. Kisha akatupa ufagio chini na kukunja mikono ya kanzu.

"Basi leteni hayo mafuta," alisema. "Upesi!"

Wakapaka. Luciana chini, Mathayo katikati, Simeoni akiwa juu ya ngazi ya mti, ananung'unika na kusugua kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa leo. Ubao wa kulia ukang'aa wote. Kisha kibuyu kikakauka, na ubao wa kushoto ulikuwa haujaguswa.

"Imekwisha?" aliuliza Simeoni, akiwa juu. "Imekwishaje? Nusu ya mlango?"

Luciana akaweka kibuyu kitupu chini. Alikuwa anatazama mzigo. Chini kabisa ya mzigo kulikuwa na kibuyu kingine, na hicho hakikuwa chake. Mtu anapakaje samli ya aliyefiwa kwa ajili ya kuficha kosa lake mwenyewe? Aliona ni wizi. Aliona pia kwamba alikuwa ametumwa, na kwamba kukirudisha na samli yake kungekuwa ubaya mkubwa zaidi.

Melkiori alikuwa amesimama mbali muda wote huo, miongoni mwa watazamaji, kana kwamba naye amekuja kutazama. Sasa akasogea. Akavua koti la jeshi, akalikunja, akaliweka juu ya ngazi za mawe. Akapekua mzigo hadi chini, akatoa kibuyu cha Dorika, akakizibua polepole, kwa kukisimamisha wima.

"Hiki ni cha Mughwai," alisema. "Ubao huu niachieni mimi."

Alimimina kidogo kidogo kwenye kiganja na kupaka, kiganja baada ya kiganja. Akaanza kusema bila kumtazama mtu.

"Tulikuwa pale, mama, kwenye ukingo wa meli. Wenzetu wanaimba. Mughwai akaniuliza, 'Unadhani wanatuona?' Nikamwambia nani atuone, ni jengo lile. Yeye akalipungia mkono. Mnara wa mawe akaupungia mkono, watu wakamcheka, na mimi nikacheka nao. Hakuacha. Alipunga mpaka ukapotea." Akapangusa uso kwa mkono, samli ikabaki shavuni. "Hakuwaonea haya. Mimi mama yangu nimemwonea haya kwenye treni."

Luciana alimshika bega. "Umekwisha kurudi," alisema. "Paka, baba. Paka huko juu pia."

Walipomaliza, mlango wote uling'aa kwa jua, mbao mbili, na harufu ya maziwa ya Ikungi ikaenea hadi barabarani. Watu wa pwani waliziba pua huku wakisifu. Ndipo akatokea padri, mzungu mwenye ndevu hadi kifuani, mikono nyuma. Simeoni akashuka ngazi upesi.

Padri alisimama. Akatazama mlango kutoka juu hadi chini.

"Simeoni," alisema, "tangu Pasaka nakuomba uutie mafuta mlango huu."

"Ndiyo, Baba," alisema Simeoni bila hata kupepesa. "Leo tumeutia."

"Umefanya vema." Akanusa hewa, akakunja uso, akaamua kutouliza. Akasukuma ubao wa kushoto ukafunguka, kisha akawaona wale watatu wamesimama tu kwenye ngazi, mikono ikiwa imejaa samli. "Mbona mmesimama nje? Karibuni. Karibuni ndani."

Luciana alifunga macho kidogo. "Tumeshakaribia," alijibu.

Ndani kulikuwa na baridi na mwanga wa rangi uliotoka madirishani, na dari lililopanda mpaka shingo ikauma. Mathayo aliingia kwa ncha za vidole. Luciana alikwenda moja kwa moja mbele, akapiga magoti, na maneno aliyokuwa ameyapanga miaka yote ile yakamtoka kichwani. Akasema yaliyobaki, kwa Kinyaturu cha kwao, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani: asante kwa kukaa naye. Asante na kwa Mughwai, mama yake anakusalimu, anasema alikuwa mtoto mzuri.

Simeoni aliwasindikiza hadi stesheni, akawabebea mzigo. Alikataa kupewa chochote. Alisema mlango ule hautapauka tena yeye akiwa hai, na kama mvua ya samli inapatikana huko kwao, basi wasikae sana bila kurudi.

*

Melkiori hakuingia kwao kwanza. Walipofika Ikungi alikichukua kile kibuyu, akapita katikati ya shamba la uwele lililokwisha kuvunwa, njia ya mbele, machoni pa watu, mpaka lango la Dorika.

"Hodi," aliita.

"Karibu." Dorika alikuwa anapepeta nafaka. Alipoona ni nani, ungo ukasimama mikononi.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa shikamoo ya kwanza tangu vita viishe. Dorika aliiacha ikae hewani kidogo, labda kwa kuionja.

"Marahaba, mwanangu."

"Mlango ule una mbao mbili," alisema Melkiori. Maneno yalikuwa yanamponyoka. "Wa kulia tulipaka ya mama. Wa kushoto wote ni wako. Wote, mpaka juu. Nimeupaka mimi. Na padri alipofungua, alifungua wa kwako. Tuliingilia kwako."

Dorika aliweka ungo chini.

Melkiori akanyoosha kibuyu, na hapo uso wake ukaharibika, kwa kuwa kila mtu wa pale anajua kwamba chombo cha mtu hakirudishwi bila kitu ndani, na yeye alikuwa amesafiri njia nzima kutoka pwani akiwaza.

"Nimekirudisha kitupu, mama," alisema. "Nilitafuta cha kutia. Sikuona. Cha kulingana nacho sikuona."

Dorika alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akakitikisa sikioni, akakinusa, akakiweka kando ya jiko. Kisha akamshika yule kijana mkono, mkono ambao bado ulikuwa unanukia samli yake, akamvuta hadi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango. Kigoda hicho hakikuwa kimekaliwa siku nyingi, na alikifuta vumbi kwa ncha ya kaniki.

"Kimeletwa na mtu," alisema. "Kitupu gani hicho? Keti. Kuna ugali wa uwele na mlenda. Mwenzio alikuwa anakula matonge makubwa, na wewe usinitie aibu."

Melkiori akaketi, akanawa, akala.